Kabla ya Bia ya Baridi: Stori ya Kilabu cha Pombe Mbinga

Wadau, stori ya walevi iliyotamba kuliko zote Ziwa Nyasa inawahusu Wazungu wawili. Agosti 13, 1914, pale Liuli, enzi hizo Wajerumani wakipaita Sphinxhafen, nahodha Mwingereza alitia timu na meli yake, Gwendolen, akaifyatulia mzinga meli ya Wajerumani iliyopandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo. Nahodha Mjerumani, mshkaji wake wa kunywa siku zote, hakuwa na habari kuwa vita imeanza. Inasemekana alirukia boti ya makasia, akamfuata mwenzake na kumuuliza kwa hasira: umelewa? Akaishia kuwekwa chini ya ulinzi!

Stori tamu, ila ukiishia hapo utadhani wenyeji walikuwa wanakunywa maji tu.

Panda milima kutoka ziwani mpaka Umatengo. Huko watu wanalima kwa ngoro, yale mashimo yanayozuia mvua isisombe udongo. Wanaume wanafyeka na kupanga nyasi, wanawake wanazifukia kwa jembe. Shughuli pevu, mtu mmoja hatoboi. Ndiyo maana kukawa na ngokela: mwenye shamba anaandaa pombe, majirani wanakuja na majembe, kazi ikiisha watu wanazunguka chungu. Zamu nyingine ni kwa mwingine. Hakuna bei wala kaunta.

Miaka ya 1920 ikaingia kahawa, na kahawa ikaleta hela. Taratibu pombe nayo ikawa ya kuuza, na hapo ndipo kilabu kinapopata maana yake. Kahawa ilikuwa ya baba: jina lake kwenye daftari la ushirika, malipo mfukoni mwake, hata kama mama ndiye aliyechuma na kuanika. Pombe je? Kuni zake, ulezi wake, hela yake.

Na si kazi ya kitoto. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa: hicho ndicho kimea. Kinachanganywa na uji wa mahindi. Ukiwahi ni togwa, hata mtoto anapewa. Ukiacha iumuke ni komoni. Haifungwi kwenye chupa, inaendelea kuchemka yenyewe ndani ya ndoo: leo tamu, kesho kali, keshokutwa siki. (Waingereza nao wana bia yao ya pipa ya namna hiyo, ikifunguliwa ni ya kumaliza ndani ya siku chache. Wao wanaiita urithi, sisi tunaiita ushamba!) Mpishi akikosea siku, mtaji wote umemwagika.

Sheria ya Vileo ya 1968 ikataka leseni hata kwa pombe za kienyeji. Gongo ikabaki haramu. Bia za chupa zikajaa mjini, viroba vikatamba hadi vikapigwa marufuku Machi 1, 2017. Komoni ilivikuta, ikaviacha.

Sasa piga hesabu. Kahawa inavunwa kuanzia katikati ya mwaka, shule zinafunguliwa Januari, wakati hela ya baba imeshayeyuka. Kabla ada haijafutwa kwenye sekondari za serikali mwaka 2016, kuna watoto walioenda shule kwa sababu wiki ile mama alikuwa na ndoo tatu kilabuni na zote ziliisha.