Ngome ya El Morro: Ilimlinda Nani?

Ngome ya San Felipe del Morro, mjini San Juan, Puerto Rico, imekaa juu ya mwamba unaotazama mlango wa bandari, na kuta zake zinapanda zaidi ya mita 40 kutoka usawa wa bahari. Siku nilipoizuru, mtembezaji wetu alitumia muda mwingi kueleza mizinga. Nami nilitaka kujua jambo jingine: kuta hizi ziligharimiwa na nani, na zilimlinda nani?

Wahispania walianza kuijenga mwaka 1539. Jina lake ni heshima kwa Mfalme Felipe wa Pili, ambaye baadaye aliitawala Ureno pia. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni kazi ya Wareno chini ya mfalme huyohuyo. San Juan haukuwa mji tajiri. Thamani yake ilikuwa mahali ulipo, kwenye lango la mashariki la Karibi, na aliyeushika aliweza kutishia merikebu zilizobeba fedha ya Mexico na Peru. Ndiyo sababu hazina ya Mexico iliagizwa kuulipia ulinzi wa mji huo. Mawe yalibebwa na watumwa wa Kiafrika, wafungwa na vibarua.

Je, ngome ilifanya kazi? Mwaka 1595 ilimfukuza Francis Drake. Miaka mitatu baadaye George Clifford, Mwingereza mwingine, hakuishambulia kutoka baharini: alishusha askari upande wa mashariki, akaja kwa nchi kavu, akaiteka. Kilichomwondoa ni ugonjwa wa kuhara damu. Mwaka 1625 Waholanzi waliuteka mji, wakashindwa kuitwaa ngome, na walipoondoka wakauchoma mji. Askari walisalimika ndani ya kuta. Nyumba za raia zikawa majivu. Tukio hilo, kwa maoni yangu, linaeleza shabaha ya jengo hili kuliko bango lolote.

Lakini sura inayonigusa zaidi iko nje ya kuta. Mwaka 1664 Wahispania waliamua kwamba mtumwa aliyetoroka kutoka makoloni ya maadui wao angepewa uhuru akikubali Ukatoliki na kula kiapo cha utii kwa mfalme. Wengi walikuja kwa mitumbwi kutoka visiwa vya jirani, wakapewa ardhi Cangrejos, mashariki ya mji, yaani njia ileile aliyoipita Clifford. Walipewa uhuru, na papo hapo wakageuzwa ngao. Jenerali Ralph Abercromby alipotua huko na maelfu ya askari wa Uingereza mwaka 1797, wanamgambo weusi wa Cangrejos walikuwa miongoni mwa waliomrudisha baharini. Watumwa wa Wahispania wenyewe, kisiwani humohumo, waliendelea kuwa watumwa hadi mwaka 1873.

Mwaka 1898 meli za Marekani ziliipiga El Morro kwa mizinga mwezi Mei, na mwezi Julai jeshi lao likatua Guánica, pwani ya kusini, mbali kabisa na ngome. Kisiwa kilikabidhiwa kwa mkataba uliotiwa saini Paris mwezi Desemba, bila wenyeji kuulizwa. Jeshi la Marekani lilikaa ndani ya kuta hizo hadi mwaka 1961.

Leo zinapepea bendera tatu: ya Marekani, ya Puerto Rico, na ile ya zamani ya jeshi la Hispania. Wenyeji ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917, ila akiishi kisiwani hampigii kura rais. Hiyo bendera ya Puerto Rico nayo ina kisa chake. Kati ya mwaka 1948 na 1957 kulikuwa na sheria ambayo kwayo mtu aliweza kufungwa kwa kuimiliki tu. Haikutungwa Washington wala Madrid. Ilipitishwa na baraza la kutunga sheria la Puerto Rico lenyewe, lililochaguliwa na wananchi.