Hamira mbadala: kwanza uliza ukoo

Kwenye kipindi tuliongelea bia za kutengeneza nyumbani, muda ukatubana kabla ya swali moja: hamira uliyoizoea ikikosekana dukani, unachukua ipi badala yake?

Mimi naanza na swali la wazee wetu harusini: huyu ni wa kwa nani?

Chukua Sierra Nevada Pale Ale, bia ambayo sisi wa Marekani tunaotengeneza nyumbani tumeiiga sana. Ken Grossman alikuwa na duka la vifaa vya kutengenezea bia kule Chico, California, kabla kiwanda chake hakijaanza kupika mwaka 1980. Hamira yake inajulikana kwenye akiba ya Taasisi ya Siebel, Chicago, kwa jina BRY-96. Masimulizi ya watengenezaji yanairudisha nyuma zaidi, hadi Ballantine ya Newark, New Jersey, kiwanda kilichoanzishwa na Peter Ballantine, mhamiaji kutoka Uskoti. Kiwanda cha Newark kilifungwa 1972, lakini hamira ilishahama.

Sheria nayo ilichangia. Marufuku ya pombe iliisha 1933, ila bia ya nyumbani haikuruhusiwa na serikali kuu mpaka Rais Jimmy Carter aliposaini sheria mpya Oktoba 1978. Wateja wakaongezeka, maabara zikaanza kuuza hamira safi kwenye pakiti ndogo. Ukoo uleule ukapata majina mapya: Wyeast wanaiita 1056, White Labs WLP001, Fermentis US-05.

Kwa hiyo mbadala wa kwanza ni ndugu. Zote tatu zinakula sukari vizuri na haziongezi ladha kubwa ya matunda, ndiyo maana harufu ya maua ya hopsi inajitokeza. Ila ndugu waliolelewa nyumba tofauti hawafanani kwa kila kitu. US-05 inauzwa ikiwa kavu, huchelewa kutulia chini, na wengi wetu tumeona kwamba ikifanya kazi kwenye baridi huleta harufu kama ya pichi. Mimi naiweka kwenye nyuzi 18 hadi 20, kisha naipa siku za ziada itulie.

Nayo ikikosekana, toka nje ya ukoo ukijua unachobadilisha. S-04, yenye asili ya Uingereza, hutulia haraka na bia inakuwa angavu mapema, ila huacha utamu kidogo na ladha ya matunda. Utapata bia nzuri, lakini usiwaambie wageni ni ileile.

Na hamira ya maandazi je? Kisayansi ni spishi moja, Saccharomyces cerevisiae. Lakini yenyewe imechaguliwa kuumua unga haraka, na kwenye bia hutulia kwa shida. Huo ni undugu wa mbali mno. Mwachieni bibi hamira yake.