Vyumba Juu ya Duka la Kinyozi: Chanzo cha Jumuiya ya Wanafunzi Wayahudi katika Chuo Kikuu cha Illinois

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda likaonekana kuwa mbali na yale yanayojadiliwa kwa kawaida katika kurasa hizi: namna wanafunzi Wayahudi wa Marekani walivyojipatia mahali pa kukusanyika ndani ya chuo kikuu cha serikali, katika nchi tambarare ya mashamba ya mahindi. Tumelichagua kwa sababu swali lililowakabili si geni kwetu sisi tunaofundisha lugha na utamaduni. Kijana anapotoka kwao kwenda kutafuta elimu ya juu, akafundishwa kwa lugha isiyo ya mama yake na kwa vitabu visivyowataja wazee wake, anabaki na nini cha kwao? Na nani ana wajibu wa kumtunzia hicho kilichobaki: wazazi walio mbali, chuo, au wanafunzi wenyewe?

Kwanza yafaa tueleze hali ya wakati ule. Tangu mwaka 1881 hadi 1914 Wayahudi wapatao milioni mbili walihama Ulaya ya Mashariki na kuingia Marekani, wakikimbia umaskini, sheria za ubaguzi na mashambulio ya makundi ya watu katika dola la Urusi. Wengi wao walikuwa mafundi wa kushona, wachuuzi na vibarua. Lugha yao ilikuwa Kiyidishi, lugha yenye msingi wa Kijerumani, iliyopokea maneno mengi ya Kiebrania na ya Kislavoni, nayo huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Watoto wao waliingia shule za serikali, wakajua Kiingereza kuliko wazazi wao, na kabla ya kizazi kimoja kupita walikuwa wakibisha hodi kwenye milango ya vyuo vikuu.

Milango hiyo haikufunguliwa kwa furaha. Katika chuo cha Harvard Wayahudi walikuwa yapata asilimia 7 ya wanafunzi wapya mwaka 1900. Kufikia 1922 walikuwa asilimia 21 na nusu. Mwaka huohuo wa 1922 mkuu wa chuo, A. Lawrence Lowell, alipendekeza wazi kwamba idadi yao isizidi asilimia 15. Kamati ya walimu ililikataa pendekezo hilo mwaka 1923, lakini kilichokataliwa mchana kilipitishwa usiku: tangu 1926 chuo kilianza kupima «tabia» ya mwombaji, kuuliza atokako na kutazama picha yake, na idadi ya Wayahudi ikapungua. Columbia, mjini New York, ilikuwa imekwisha kutumia mbinu za namna hiyo. Haishangazi basi kwamba vijana wengi waligeukia vyuo vya serikali vya majimbo ya kati ya Marekani, ambako karo ilikuwa ndogo na mlango haukuwa mwembamba kiasi hicho. Chuo Kikuu cha Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1867 katika miji pacha ya Urbana na Champaign, zaidi ya kilomita 200 kusini mwa Chicago, kilikuwa kimojawapo.

Mwanafunzi aliyefika huko alikuta nini? Wamethodisti walikuwa wameunda taasisi yao ya wanafunzi, iitwayo Wesley, mwaka 1913, nayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika Marekani nzima. Wakatoliki nao walikuwa na nyumba yao yenye jina la Kardinali Newman, iliyoongozwa tangu 1917 na padri John O'Brien. Nyumba hizo zilitoa sala, chakula, michezo, hata mafunzo ya dini ambayo chuo kiliyahesabu katika shahada. Mwanafunzi Myahudi hakuwa na kitu kama hicho. Kulikuwa na vyama vya udugu, vile vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Lakini vile vya Wakristo vilimfungia mlango, na vile vya Wayahudi wenyewe, ambavyo mfano wake wa mapema ni Zeta Beta Tau, iliyozaliwa New York mwaka 1898, vilichagua wanachama na kudai ada. Mtoto wa fundi cherehani aliyefua sahani hotelini ili alipe chumba chake hakuwa na nafasi humo.

Ni kweli kwamba jaribio jingine lilikwisha kufanywa. Mwaka 1906 wanafunzi wa Harvard, akiwamo Henry Hurwitz, waliunda chama cha Menorah, jina la kinara cha taa saba cha hekalu la Yerusalemu. Shabaha yao ilikuwa kuusoma utamaduni wa Kiyahudi kwa kiwango kilekile cha elimu ya Ugiriki na Roma. Mwaka 1913 vyama vya vyuo mbalimbali viliungana, na 1915 likatoka jarida lao, ambalo liliheshimiwa kwa muda mrefu. Kwa maoni yetu Menorah ilikuwa na heshima kubwa na mizizi mifupi. Iliwapa vijana mihadhara, haikuwapa meza. Anayependa vitabu alishiba, na asiyevipenda alikwenda zake.

Aliyeliona pengo la Illinois kwa uchungu zaidi hakuwa Myahudi. Edward Chauncey Baldwin alikuwa Mkristo, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, aliyefundisha Biblia kama fasihi na aliyekwisha kuchapisha mwaka 1913 kitabu kuhusu deni la ulimwengu wa leo kwa Israeli. Darasani aligundua kwamba wanafunzi wake Wayahudi hawakuwajua manabii wao, na kwamba mara nyingine Wakristo waliwashinda katika kuyajua maandiko ya Kiebrania. Jambo hilo lilimsikitisha, akalipeleka kwa wakubwa wa Kiyahudi. Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa. Lakini hapa ni jirani aliyekuja kumwambia mwenye mila kwamba amesahau kitu njiani. Msomaji ataamua mwenyewe kama alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Sisi twaona kwamba alikuwa nayo, kwa sababu alisema kama mwalimu aliyependa somo lake, na baada ya kusema aliwaachia wenyewe kazi.

Kazi hiyo ilimwangukia rabi kijana, Benjamin Frankel, aliyesomea Hebrew Union College ya Cincinnati na kuhudumu katika sinagogi dogo la Champaign. Akisaidiwa na Isaac Kuhn, mfanyabiashara wa nguo wa mji huo, mwaka 1923 alianza katika vyumba vya kupanga juu ya duka la kinyozi. Jina alilolichagua ni Hillel.

Jina hilo lastahili maelezo, kwani ni sehemu ya hoja. Hillel alikuwa mwalimu mkuu wa Torati, mzaliwa wa Babeli, aliyeishi Yerusalemu muda mfupi kabla ya zama za Kristo. Talmudi inasimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi alikuwa fukara. Ujira wake wa siku aliugawa sehemu mbili: nusu kwa chakula cha nyumbani, nusu kwa bawabu wa nyumba ya masomo. Siku moja ya baridi, jua likikaribia kutua na Sabato kuingia, hakupata kibarua, na bawabu akamkatalia. Akapanda juu ya paa, akalala kwenye tundu la mwanga ili asikie walimu wakifundisha. Theluji ikaanguka usiku kucha ikamfunika. Asubuhi walimu waliona kivuli kizito juu yao, wakapanda, wakamkuta amekakamaa. Wakamshusha, wakamwosha na kumpaka mafuta, wakamkalisha mbele ya moto, ijapokuwa Sabato yakataza kazi hizo, wakisema kwamba mtu huyo anastahili Sabato ivunjwe kwa ajili yake. Kwa kijana wa mwaka 1923 aliyejua habari za mabawabu wa Harvard, hadithi hiyo haikuhitaji tafsiri.

Frankel alifanya mambo kadhaa kwa pamoja, na hapa ndipo alipotofautiana na waliomtangulia. Alifungua mlango kwa wote, wanaume kwa wanawake, wa vyama vya udugu na wasio na chama. Wayahudi wenye asili ya Ujerumani, ambao walikuwa wamekwisha kustawi na kufuata ibada iliyorekebishwa, walikaa na watoto wa wahamiaji wapya walioshika ibada ya kale. Makundi haya mawili yalidharauliana katika miji mikubwa. Champaign ilikuwa ndogo mno kuwa na anasa ya kudharauliana. Palikuwa na sala kwa aliyetaka sala, mafunzo kwa aliyetaka mafunzo, na dansi na tamthilia kwa aliyekuja kutafuta rafiki tu. Wenye ukali walinung'unika kwamba dini inauzwa kwa ngoma. Lakini kijana aliyekuja kwa sababu ya ngoma, kesho yake alijua mlango uko wapi.

Hata hivyo mkono mtupu haulambwi. Kodi ilihitajika, na sinagogi dogo halikuweza kuibeba. Frankel aliiendea B'nai B'rith, maana yake Wana wa Agano, chama cha kusaidiana kilichoundwa New York mwaka 1843 na wahamiaji kutoka Ujerumani. Katika miaka ya 1924 na 1925 chama hicho kiliichukua kazi yake kuwa kazi ya chama kizima. Mwaka 1924 tawi la pili lilikuwa limekwisha kufunguliwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, na punde vyuo vya Ohio na Michigan vikafuata. Mwishoni mwa 1927 Frankel alifariki akiwa na umri wa miaka 30. Kazi nyingi za namna hii hufa na mwanzilishi wake. Hii haikufa, kwa kuwa alikuwa ameiweka mikononi mwa chama chenye fedha na wanachama, si katika mikono yake peke yake.

Mrithi aliyeikuza ni mwanahistoria. Abram Sachar, aliyezaliwa New York mwaka 1899 na kulelewa St. Louis, alipata udaktari wake Cambridge, akaja kufundisha historia Illinois mwaka 1923. Aliongoza Hillel ya Illinois, na kuanzia 1933 akawa mkuu wa matawi yote ya Marekani. Mwaka 1930 alitoa kitabu cha historia ya Wayahudi ambacho kilisomwa sana na vijana wa wakati ule. Chini yake, na vita vilipokaribia, kazi ilipata uzito mwingine: matawi yalitafuta nafasi na fedha za masomo kwa vijana waliokimbia utawala wa Wanazi, na baada ya vita kwa wale walionusurika. Mmoja wao alikuwa Tom Lantos wa Hungaria, aliyefika Marekani mwaka 1947 kwa msaada wa masomo wa Hillel, na ambaye baadaye alikaa katika Bunge la Marekani tangu 1981 hadi alipofariki mwaka 2008.

Hapa tuseme neno kuhusu mji wetu, maana msomaji wa Lubumbashi atauliza. Wayahudi wa Elisabethville, ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes na kuzungumza Kihispania cha Kiyahudi, walijenga sinagogi lao kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Chuo kikuu kilifunguliwa baadaye, mwaka 1956. Kwao jumuiya ilitangulia chuo. Kule Urbana chuo kilitangulia, na jumuiya ilibidi iundwe upya kila mwaka, kwa sababu kila mwaka watu wake walihitimu na kuondoka. Huo ndio ugumu wa pekee wa jumuiya ya wanafunzi: haina wazee. Jumuiya isiyo na wazee hukabidhi kumbukumbu zake kwa nyumba, kwa maktaba na kwa mtu mmoja aajiriwaye kubaki.

Kuna hasara moja ambayo wanaisimu hatuwezi kuipita. Kijana wa Hillel alijifunza Kiebrania na historia darasani, lakini Kiyidishi, lugha aliyobembelezewa, alikiacha kituo cha treni. Lugha ya vitabu ilipewa heshima, ile ya jikoni ikaonewa haya. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1947 ndipo Max Weinreich, mtaalamu aliyetoka Vilna, alipoanza kufundisha Kiyidishi katika City College ya New York. Na mwaka 1949 mwanawe Uriel alichapisha kitabu cha kwanza cha kukifundishia Kiyidishi vyuoni. Kwa wakati huo wengi wa wasemaji wake wa Ulaya walikuwa wameuawa.

Sachar mwenyewe aliondoka Hillel, akawa mwaka 1948 mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Brandeis, karibu na Boston, chuo kilichoanzishwa na Wayahudi na kufunguliwa kwa watu wote bila mpaka wa idadi kwa kabila au dini. Ilipofika zamu ya kujenga mahali pa ibada, swali la Champaign lilirudi likiwa limegeuka: sasa Wayahudi walikuwa wenyeji, na Wakristo wageni. Walijenga makanisa madogo matatu, moja la Wayahudi, moja la Wakatoliki, moja la Waprotestanti, yaliyofunguliwa mwaka 1955. Ramani ilichorwa na kampuni ya Harrison na Abramovitz. Max Abramovitz alikuwa mwanafunzi wa Illinois, aliyehitimu huko mwaka 1929, naye alichora pia nyumba mpya ya Hillel ya Urbana. Majengo hayo matatu ya Brandeis yamepangwa kuzunguka bwawa dogo, kwa namna ambayo kivuli cha moja hakiliangukii jingine.