Freddie Mercury: lini aliimba bila Queen?

Wadau, hapa Tumbe ukimtaja Freddie Mercury barazani utaambiwa "yule mtoto wa Unguja", mjadala umekwisha. Kweli, Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Lakini mashabiki wanaofuatilia maonyesho yake ya mwanzo hupelekwa India, shule ya St Peter's, Panchgani, alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi, The Hectics. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza.

Sasa, lini alipanda jukwaani bila wenzake wa Queen? Wengi hukimbilia Mr. Bad Guy ya 1985. Hiyo ni albamu jamani! Wengine hutaja sahani ya 1973 aliyoitoa kwa jina la bandia, Larry Lurex, lakini humo Brian May na Roger Taylor wamo.

Mimi nakubaliana na wanaotaja 7 Oktoba 1979, ukumbi wa London Coliseum, katika onyesho la hisani na wachezaji wa Royal Ballet. Orkestra ikapiga, naye akaimba Bohemian Rhapsody na Crazy Little Thing Called Love huku wachezaji wakimbeba juujuu. Ziara ya peke yake hakuwahi kufanya mpaka alipofariki 1991.

Na huku kwetu? Mwaka 2006 sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa vikali na Uamsho. Makumbusho yake Mji Mkongwe yakafunguliwa 2019.