Baisikeli na Njia ya Mguu katika Nchi ya Rufiji

Mtu aandikaye habari za njia katika nchi yetu aghalabu huanza na reli. Hueleza jinsi reli ya Tanga ilivyoanza kujengwa mwaka 1893, na jinsi Reli ya Kati ilivyoondoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Kisha hupita kwenye barabara za magari, na mwisho hutua kwenye madaraja. Historia ya namna hii ina kasoro moja. Ikifika Rufiji hunyamaza, au husema tu kwamba nchi ile haikuwa na njia mpaka juzi, na Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 kuchukua nafasi ya kivuko cha Ndundu, hufanywa kuwa mwanzo wa mambo yote. Kwa maoni yangu hukumu hiyo si ya haki. Rufiji ilikuwa na njia nyingi mno. Ila zilikuwa nyembamba, na mwandishi aliyezoea kupima njia kwa upana wa gari hakuziona.

Wembamba ule ulikuwa na sababu yake. Sehemu kubwa ya nchi ya kusini ilishikwa na mbung'o, mdudu auaye ng'ombe, farasi na punda. Kwa hiyo mkokoteni wa kukokotwa na wanyama haukupata nafasi. Kila kilichosafiri nchi kavu kilisafiri juu ya kichwa au bega la binadamu. Wapagazi hawaendi ubavu kwa ubavu. Humfuata aliye mbele, mguu ukikanyaga ulipokanyaga mguu. Njia iliyozaliwa na mwendo huo haizidi upana wa mtu mmoja, hukwepa mti badala ya kuukata, na ikikuta maji huyazunguka au huyakabidhi kwa mtumbwi. Katika delta, kuanzia Salale hata Mbwera, makabidhiano hayo ni ya kila siku: njia hutoka shamba la mpunga, hupita chini ya minazi, hufika ukingoni mwa mto penye mikoko, na hapo abiria hungoja maji yajae. Aliyemwambia mtu wa Mbwera kwamba hana njia angeulizwa, basi amefikaje?

Sasa tutazame mbali kidogo. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa baisikeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kuwa sawa, ile ambayo zetu zote ni wajukuu wake. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo aliyekaa Belfast, akapata hati ya kumiliki uvumbuzi wa tairi la mpira lililojazwa upepo. Baada ya hapo Ulaya na Marekani zilishikwa na kiu ya mpira. Kiu hiyo ndiyo iliyoleta maangamizi ya Kongo chini ya Mfalme Leopold, jambo linalojulikana na kila msomi. Lisilosemwa sana ni kwamba kiu hiyo hiyo ilifika katika misitu ya kusini ya koloni la Wajerumani, ikiwamo ya Vilima vya Matumbi, kusini mwa Rufiji. Huko mpira ulitoka katika mitambaazi ya mwituni: watu waliichanja, wakagandisha utomvu wake, wakauviringa kuwa madonge, wakayapeleka pwani kuyauza. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1898, mpira ukawa mojawapo ya njia za kuipata rupia ya serikali. Na mwaka huo huo serikali ikaitwaa mikoko ya delta kuwa hifadhi ya msitu, hata mkata boriti wa pale akajikuta mgeni katika msitu wa babu yake.

Kwa hiyo ukitaka kujua baisikeli ilianza lini kuwahusu watu wa nchi hii, usitafute siku mtu wa kwanza alipoipanda. Waliibeba kabla hawajaiona. Donge la mpira lililoshuka kichwani mwa mpagazi kutoka Matumbi lilikwenda kuwa tairi katika miji ambayo mpagazi hakuijua hata kwa jina, na lilishuka kwa njia ile ile nyembamba. Biashara hiyo ilivunjika mwaka 1913, mpira wa mashambani kutoka Malaya ulipoiangusha bei.

Njia zile zilipitisha pia mambo ambayo serikali haikuyataka. Mwaka 1905 watu walizifuata kwenda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kuchukua maji, na habari ilienda kwa mnong'ono kutoka kijiji hadi kijiji bila akida kung'amua uzito wake. Masimulizi hayo yalikusanywa Umatumbi na Gilbert Gwassa katika miaka ya 1960, wazee walioshuhudia wakiwa bado hai. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, nayo vita haikufa naye. Miaka kumi baadaye njia za delta ziliona kitu kingine kabisa. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha humo tangu mwaka 1914, ilipigwa na Waingereza tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakaopoa mizinga yake kumi, nayo ikakokotwa kwa nguvu za watu mpaka Dar es Salaam. Katika vita hiyo hiyo, mwezi Novemba 1914, jemadari wao Lettow-Vorbeck alikuwa ameingia Tanga usiku juu ya baisikeli kuupeleleza mji. Chombo kilimfaa kwa kuwa hakikupiga kelele wala hakikuhitaji barabara.

Hapo ndipo kiini cha maneno yangu. Gari lina mapana. Hudai mifereji miwili ya magurudumu, daraja, na serikali ya kuvitengeneza. Baisikeli haidai kitu. Magurudumu yake mawili hufuatana kama wapagazi wawili, la nyuma likikanyaga palipokanyagwa na la mbele, na yote mawili huenea katika njia ya mguu. Wasomi wengi huiweka baisikeli katika ukoo wa gari, kana kwamba ni gari la maskini linalongoja kukua. Mimi naiona ni ya ukoo wa mpagazi. Ilipoenea katika zama za Waingereza, kwanza kwa karani, tarishi na mwalimu, kisha kwa mkulima aliyeuza pamba au mpunga, haikungoja kuchimbiwa njia, iliikuta tayari. Vivyo hivyo huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 wenye baisikeli walianza kuvusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, na biashara hiyo ikaipa Afrika Mashariki neno bodaboda.

Hivi leo watu wa miji ya Ulaya hufunga safari, na kulipa fedha nyingi, ili wapande baisikeli katika njia za changarawe kati ya milima na maziwa, mahali ambapo gari halifiki. Siwacheki, utulivu ni mali. Lakini Rufiji nayo ina vilima vyake vya Matumbi na maziwa yake ya bondeni, Utunge, Zumbi, Ruwe na mengine, na njia zisizo na magari zimo tele. Kwa mkazi, njia hizo si mapumziko. Ni kazi.

Kazi hiyo iliongezwa uzito na jambo moja ambalo halijaandikwa vya kutosha katika historia ya usafiri. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha wakazi wa bonde hadi nchi ya juu, katika shughuli iliyoitwa Operesheni Rufiji. Zamani Mrufiji aliishi karibu na shamba lake la mlau, lile linalolimwa maji ya mafuriko yakisharudi, na wakati wa kuchunga mpunga dhidi ya ndege na nguruwe alilala katika dungu. Kijiji kipya kilimpa shule na zahanati, lakini shamba lilibaki bondeni, kwani rutuba haihamishwi kwa amri. Umbali kati ya kitanda na jembe ukawa mrefu. Wapangaji walihesabu kaya na viwanja. Saa za kutembea hawakuzihesabu, na deni hilo lililipwa kwa miguu, au na aliyeweza, kwa baisikeli. Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini kote na tairi likawa la kutafutwa kwa bahati, katika nchi ambayo jirani zake wa Matumbi waliwahi kuilisha dunia mpira.

Nalazimika kuongeza kwamba baisikeli hiyo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ya mwanamume. Yeye ndiye aliyeinunua kwa fedha za mavuno ambayo mkewe alishiriki kuyalima, na mke akaendelea kwenda bondeni na mzigo kichwani, akisogea pembeni kengele ilipolia nyuma yake. Njia ilikuwa moja, mwendo ukawa wa aina mbili. Anayeisifu baisikeli bila kusema hivyo anasimulia nusu.

Katika delta yenyewe operesheni ile haikuwa na sura ya bondeni, na baisikeli nayo ilipata sheria nyingine. Barabara ya lami ipitayo Kibiti kuelekea Lindi haiingii humo. Atokaye Mbwera hutazama maji ya bahari kabla ya kutazama jua. Baisikeli hulazwa ndani ya mashua pamoja na nazi na magunia ya mpunga, huvushwa, kisha hupandwa tena upande wa pili. Kiangazi udongo wa mfinyanzi hukauka ukawa mgumu kama sakafu, na gurudumu hukimbia. Masika udongo huo huo hushika tairi mpaka mwenye chombo akibebe begani. Wakati huo mpagazi na mzigo wake hubadilishana zamu.

Sasa pikipiki imeingia katika urithi huo, nayo haikuhitaji kuomba ruhusa, kwani magurudumu yake pia hufuatana. Ni tajiri zaidi wa mwendo, na kimya cha njia kimeondoka nayo. Na shaka ya zamani ya wenye mamlaka juu ya njia nyembamba haijaisha: mwaka 2017, wakati wa mauaji yaliyoitia hofu nchi nzima, polisi walipiga marufuku pikipiki kutembea usiku katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Barabara kuu ilibaki wazi kwa malori na mabasi. Mgonjwa aliyeshikwa usiku mbali na lami alirudi kusafiri kama babu zake walivyosafiri, juu ya mabega ya watu, mmoja mbele na mmoja nyuma, katika njia ya upana wa mtu mmoja.