Ukuta Kabla ya Nembo: Uteuzi wa Rangi za Nje za Majengo Kongwe ya Biashara Kikula, Likasi

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna ya kuteua rangi za nje za majengo kongwe ya biashara katika komine ya Kikula, mjini Likasi. Hoja kuu ni kwamba uteuzi huo una mpangilio wake: kwanza afya ya ukuta, pili historia yote ya jengo, tatu mtaa unaolizunguka, na mwisho nembo ya biashara. Makala yanapinga mazoea ya kuziachia kampuni jengo zima, na vilevile yanapinga amri ya kuupaka mji mzima rangi moja.

Utangulizi

Hadi mwaka 1966 Likasi uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyeshiriki kuasisi kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1906. Ni mji uliojengwa na shaba. Kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha madini hayo kwa umeme mwaka 1929. Ulipangwa pia kwa ubaguzi: Wazungu katikati ya mji, Waafrika katika kambi za kampuni, na wasiokuwa na kambi katika makazi kama Kikula. Biashara ikafuata watu. Katika miji ya Katanga lilienea duka lenye umbo linalotambulika upesi: barza pana mbele, nguzo zinazobeba paa lake, na ukingo wa ukuta unaopanda juu kuficha mabati.

Majengo ya aina hiyo yanapochakaa, swali la kwanza la mwenye duka ni moja: tupake rangi gani? Kwa kawaida swali hilo hujibiwa na yule anayeleta ndoo za rangi. Kampuni ya simu au ya bia hujitolea kupaka bure, nayo hupaka rangi zake kuanzia msingi hadi ukingo wa juu. Ninavyoona mimi, jibu hilo linaharibu mambo mawili kwa pamoja: mwili wa jengo na kumbukumbu ya mtaa.

Afya ya ukuta

Rangi ni ngozi ya ukuta, na ngozi inayozuia pumzi huleta maradhi. Kuta kongwe za matofali ya kuchoma, hasa zilizounganishwa kwa udongo au chokaa, hufyonza maji wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, kisha huyatoa polepole wakati wa kiangazi. Rangi nzito ya mafuta, au ya plastiki iliyopakwa tabaka juu ya tabaka, hufungia maji hayo ndani. Chumvi huanza kusukuma lipu, malengelenge huvimba, na vipande huanguka. Mwenye duka hulaumu fundi, ilhali kosa lilitendeka siku rangi ilipochaguliwa.

Chokaa kinapitisha unyevu, na Likasi hauna haja ya kukitafuta mbali: miamba ya chokaa ya Kakontwe, iliyo jirani na mji, inajulikana sana hata wanajiolojia wameipa tabaka zima la miamba ya Katanga jina hilo. Hata hivyo, sifa hiyo ina mipaka. Chokaa hakishiki juu ya rangi ya mafuta. Tena, katika mji wenye viwanda vya madini, gesi ya salfa hukigeuza polepole kuwa jasi, na uso wake hulainika na kupukutika. Kwa hiyo kinafaa ukuta ambao haujapakwa mafuta, au uliosafishwa vizuri, na mwenye jengo akubali kukirudia kila baada ya miaka michache. Ukuta wenye lipu ya saruji unaweza kupewa rangi ya maji inayopitisha mvuke.

Sharti hili la ukuta linapunguza uhuru wa kuchagua, na hapo ndipo lilipo na manufaa. Rangi zinazovumilia ukali wa chokaa na jua ni zile za udongo wenye chuma: nyekundu ya kifusi, manjano ya udongo, kahawia, na nyeupe yenyewe. Nyekundu na chungwa kali za matangazo aghalabu hutokana na viungo visivyostahimili jua kwa muda mrefu. Vumbi jekundu la kiangazi na matope yanayorushwa na mvua vinatoa ushauri pia: sehemu ya chini ya ukuta ipakwe rangi nzito ya udongo, na sehemu ya juu rangi nyepesi inayorudisha joto.

Historia yote, si tabaka la kwanza pekee

Mhifadhi makini hukwangua sehemu ndogo iliyojificha, chini ya ukingo au nyuma ya bawaba ya mlango, hadi tabaka za rangi zionekane zikiwa zimefuatana. Afanye hivyo kwa tahadhari, kwa kuwa rangi za zamani za mafuta huweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu. Aziangalie kwa mwanga wa mchana, na asisahau kwamba tabaka la chini kabisa huenda likawa rangi ya kuandalia ukuta tu.

Baada ya hapo linazuka swali zito kuliko la kiufundi: turudi kwenye tabaka lipi? Wengi husema la kwanza. Sikubaliani nao. Jadotville haukuwa mji wa wakazi wote, na kuirejesha sura yake kana kwamba ndiyo sahihi ni kuupa mpango wa ubaguzi heshima usiyostahili. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zikabidhiwe raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Hatua hiyo ilivuruga uchumi vibaya, lakini tabaka la rangi lililowekwa na mmiliki mpya Mkongo ni ushahidi sawa na lile la mfanyabiashara Mgiriki au Mreno aliyemtangulia. Katika Kikula, ambako Waafrika walifanya biashara tangu enzi za ukoloni, hoja hii ina uzito zaidi. Tabaka zote ziandikwe na kupigwa picha. Kisha ichaguliwe ile inayoonyesha vizuri zaidi umbo la jengo kama lilivyo leo.

Mtaa na hatari ya amri

Duka halisimami peke yake. Lililo kwenye kona linaweza kubeba rangi nzito kidogo kwa sababu linashika njia mbili. Lililo katikati ya safu linapaswa kusikilizana na majirani. Kusikilizana huko hakumaanishi kufanana. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Nia ya usafi inaeleweka, ila amri ya namna hiyo haitofautishi ukuta wa mawe na chokaa na ghorofa ya saruji, wala jengo la karne iliyopita na la juzi. Inachukua uamuzi wa jengo na kuufanya uamuzi wa ofisi.

Nembo na mahali pake

Tatizo la nembo linaonekana wazi katika historia fupi ya simu za mkononi Kongo. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, na Zain ikageuka Airtel mwaka 2010. Tigo ilinunuliwa na Orange mwaka 2016. Kila jina lilikuja na rangi zake. Duka lililofuata mabadiliko hayo lilibandikwa tabaka mpya kwa sababu zilizoamuliwa katika vikao vya wanahisa ng'ambo, wala si kwa sababu ukuta ulihitaji rangi.

Watapinga wengine: mwenye duka hana fedha, na rangi ya bure ni msaada. Pingamizi hili ni la haki, wala halijibiwi kwa mahubiri juu ya urithi. Jibu lake ni kubadilisha mkataba. Kampuni ilipie rangi iliyokubaliwa kwa ajili ya jengo, nayo ipewe kibao cha kipimo maalumu kwenye ukingo wa juu, pamoja na milango ya chuma ya duka. Hapo nembo itasomeka vizuri kuliko ikizama katika ukuta wa rangi ileile, na kampuni ikibadilisha jina, itabadilisha kibao.

Msingi wa kisheria upo. Sheria-amri namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inahusu ulinzi wa mali za utamaduni. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2006 kinaipa Dola wajibu wa kulinda urithi wa taifa. Na sheria ya Oktoba 2008 inazitambua komine kuwa mamlaka zenye madaraka yao. Wala hakuna haja ya kungoja sifa ya kimataifa: Zanzibar ilianzisha Mamlaka ya Mji Mkongwe mwaka 1985, miaka 15 kabla ya UNESCO kuuorodhesha mji huo. Ulinzi ulitangulia, sifa ya dunia ikafuata.

Hitimisho

Komine ya Kikula inaweza kuanza na mambo matatu yasiyohitaji bajeti kubwa: orodha ya majengo ya biashara yenye barza yaliyosalia, jedwali la rangi za udongo zinazofaa aina za kuta zilizopo, liandaliwe pamoja na mafundi wa hapo hapo, na mkataba wa mfano kati ya mwenye duka na kampuni ya matangazo. Mwenye duka abaki na uhuru wa kuchagua ndani ya jedwali hilo. Likasi ulipewa jina la mtu wa kampuni, kisha ukarudishiwa jina lake. Kuta zake nazo zinastahili kuamuliwa na wanaoishi chini ya kivuli cha barza zake.