Pangani: mji ulioinuliwa na mto, ukapitwa na reli

Ukitoka Lugoba kwenda Pangani, hesabu mito njiani. Ukishapita Msata utavuka Wami. Baada ya Segera, pale Hale, utakutana na mto Pangani, ule ule utakaouona mwisho wa safari ukiingia baharini. Ukifika mjini usikimbilie kupiga picha za Boma. Nenda kwanza pale pantoni inapovusha watu kwenda Bweni, uangalie maji. Historia ya mji huu inaanzia hapo.

Mto huu una urefu wa kilomita 500 hivi, na maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru. Sasa fikiria miaka ya 1850: hakuna reli, hakuna lori. Msafara unahitaji maji na chakula kila siku, na bonde la mto lina vyote viwili. Kwa hiyo pembe za ndovu ziliufuata mto mpaka pwani. Hata Burton na Speke, mwaka 1857, walipitia Pangani kwenda Vuga kule Usambara.

Karibu na bahari, udongo ulioletwa na mto ulifaa kwa miwa. Mashamba yakawa ya matajiri, wengi wao Waarabu, na kazi ikawa ya watumwa. Ukivutiwa na milango ya nakshi pale mjini, kumbuka na hilo.

Mmoja wa wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kushika utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Pangani ikawaka. Abushiri akawa kiongozi wa vita vile, na tarehe 15 Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga hapo hapo Pangani.

Wengi wetu tungesema vita ndivyo vilivyoushusha mji. Lakini hebu tazama mdomo wa mto. Maji yenye kasi hubeba mchanga. Yakikutana na bahari kasi inapungua, mchanga unatua, fungu linajengeka. Jahazi halina shida: linasubiri maji yajae, linaingia. Meli kubwa ya mvuke haiwezi. Tanga, kilomita kama 50 kaskazini, ina ghuba yenye kina. Mwaka 1893 Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka huko. Mwaka 1902 ilifika Korogwe, mji ulio kando ya mto huu huu wa Pangani, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Yaani mizigo iliyokuwa ikishuka na bonde mpaka Pangani sasa ilidakwa njiani. Fungu la mchanga lilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni vyombo vya usafiri.

Habari haijaishia hapo. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960, mitambo ya umeme ya Hale ikaanza kazi 1964, na mashamba ya umwagiliaji kule juu nayo yanakunywa mto ule ule. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo bahari huingia mtoni ikitambaa chini yake. Mto ukiwa na nguvu, unaisukuma bahari nyuma. Mto ukipungua, chumvi inapanda ndani zaidi, na mwenye shamba la kando ya mto ndiye wa kwanza kujua. Uamuzi wa kugawa maji unaofanywa Moshi unaonjwa Pangani kwenye ndoo.

Kwa hiyo ukipanda pantoni, tafuta mzee wa pale, msalimie vizuri, kisha umuulize: zamani maji ya chumvi yalikuwa yakiishia wapi? Jibu lake ni historia ya mji, na ni sayansi pia.